Maji ya Mvua Ndani ya Gari: Kilichofichwa Chini ya Zulia

Mvua ni rehema, na makala haya hayakuandikwa ili kuilalamikia. Yameandikwa kwa sababu kila msimu wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, na tena msimu wa vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, familia nyingi katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi hukumbwa na mtihani wa aina moja. Watoto wamekwisha kuvaa sare za shule, mama ameshika ufunguo, na gari haliwaki. Au linawaka, lakini honi inalia yenyewe, vioo vya milango havishuki, na taa za breki zimezimika. Fundi huitwa, betri hubadilishwa, fedha hulipwa, na baada ya wiki mbili hali hurudi pale pale ilipokuwa.

Wasomaji wetu wa Mombasa, Malindi, Lamu na Kwale wana jamaa zao Pumwani, Eastleigh, Buruburu, Umoja, Donholm na Embakasi, na magari ya familia hizo hupanda na kushuka njia moja. Gari lililonyeshewa Nairobi mwezi wa Aprili huweza kuuzwa Mombasa mwezi wa Julai. Kwa hiyo tumeona ni vyema tulieleze jambo hili kwa utulivu, baada ya kuketi na mafundi wa umeme wa magari katika gereji za Kariobangi na za Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Walilotuambia ni hili: maji mengi yanayoonekana hukaushwa siku ile ile; maji machache yaliyojificha ndiyo yaharibuyo. Nasi tunaongeza: ajuaye yalipojificha ana wajibu wa kuyafichua.

Kwa nini Eastlands

Magari mengi ya familia nchini Kenya hununuliwa yakiwa yamekwisha kutumika, hasa kutoka Japani, na huteremshwa katika bandari ya Mombasa. Kanuni za nchi hazikubali gari lililopitisha miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza huko litokako. Maana yake ni kwamba gari "jipya" la familia mara nyingi limefika na miaka 7, kisha likaishi nasi miaka mingine 10 au 15. Mipira ya milango na ya buti, ambayo kazi yake ni kuzuia maji, hukakamaa na kupasuka kwa jua na kwa umri.

Jambo la pili ni mahali gari linapolala. Nyumba za ghorofa za Eastlands zimejengwa hadi ukingoni mwa kiwanja, na gari hubaki uani au kando ya barabara bila paa. Wakati wa kiangazi vumbi na majani hujaa katika mifereji midogo ya gari. Mvua ya kwanza ikija, maji hukuta njia yao imezibwa, nayo hujitafutia njia nyingine.

Jambo la tatu ni mito. Mto Nairobi, Mto Mathare na Mto Ngong yote inapita Eastlands. Katika masika ya mwaka 2024 mafuriko yaliua watu zaidi ya 200 nchini Kenya, na mabonde ya mito hiyo yalikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutoka. Magari yaliyozama siku zile hayakwenda yote kwenye vyuma chakavu. Mengine yalioshwa, yakapigwa rangi, yakarudi sokoni.

Maji huingilia wapi

Wengi hudhani kwamba maji yakionekana sakafuni basi dirisha liliachwa wazi. Mara nyingi sivyo. Njia zake ni hizi.

Ya kwanza ni pale chini ya wipa, mbele ya kioo kikubwa. Kuna bonde dogo lililofunikwa kwa plastiki, nalo lina tundu za kutolea maji pande zote mbili. Tundu hizo zikizibwa na majani, bonde hujaa kama beseni, kisha maji huingia kupitia tundu la hewa ya feni na kushuka miguuni pa abiria wa mbele.

Ya pili ni kioo cha mbele chenyewe. Kioo kilichopasuka kikabadilishwa kwa haraka, kwa gundi hafifu au juu ya kutu ambayo haikusuguliwa, huacha upenyo usioonekana kwa jicho.

Ya tatu ni milango, na hii wengi hawaijui. Maji kuingia ndani ya mlango si kasoro. Hupita kando ya kioo, hushuka ndani ya bati, na kutoka kwa tundu zilizo chini. Kinacholinda upande wa abiria ni karatasi ya plastiki iliyobandikwa nyuma ya ubao wa mlango. Fundi anapofungua mlango ili kutengeneza kitasa au kuweka spika kubwa, kisha akairarua karatasi hiyo au asiibandike tena, kila mvua humwagika juu ya zulia.

Ya nne ni buti. Mpira wake, taa za nyuma, na tundu lililotobolewa kwa ajili ya kamera, vyote ni milango ya maji. Hukusanyika katika shimo la gurudumu la akiba, mahali ambapo hapatazamwi hadi siku ya pancha. Magari yenye dirisha la paa yana mirija yake ya kutolea maji pembeni, nayo huziba vilevile.

Yako pia maji yasiyo ya mvua. Kiyoyozi hutoa maji safi yasiyo na harufu, nayo hupita katika mrija mdogo hadi chini ya gari. Mrija ukiziba, humwagika ndani. Ukiona zulia limelowa wakati wa kiangazi, anzia hapo.

Maji hufanya nini katika umeme

Chini ya zulia la gari pana sifongo nene, na chini ya sifongo hiyo hupita mafungu ya nyaya. Sifongo hunywa maji na kuyahifadhi kwa wiki nyingi, huku juu zulia likionekana kavu. Karibu na hapo, chini ya dashibodi, chini ya viti na katikati ya sakafu, ndipo watengenezaji walipoweka sanduku la fyuzi, plagi za nyaya, na kompyuta ndogo zinazoendesha milango, taa na mifuko ya hewa ya kuokoa abiria.

Umeme wa gari hutoka katika betri kwa waya na hurudi kwa bati la gari lenyewe. Pale waya unapofungwa kwenye bati kwa skrubu, mafundi huita "ati". Ati ikishika kutu, umeme hukosa njia ya kurudia na huanza kupita njia za wengine. Ndipo unapokanyaga breki ikawaka taa ya kuashiria kona, au unapowasha wipa redio ikazima. Mtu asiyejua hudhani gari lina wazimu, kumbe ni skrubu moja iliyooza.

Katika plagi, pini mbili zilizokaribiana zikilowa, umeme huvuka taratibu kutoka moja hadi nyingine kupitia maji machafu. Shaba huliwa, na hubaki unga wa kijani. Umeme huo unaovuja haulali usiku. Gari lililozimwa hutumia umeme kidogo sana, kwa kawaida usiozidi sehemu 50 katika 1000 za ampea. Likivuja nusu ampea tu, kwa saa 24 limekunywa ampea-saa 12. Betri ndogo ya ampea-saa 45 haitafika siku ya nne. Hii ndiyo sababu betri mpya haiponyi kitu: ugonjwa haukuwa wa betri.

Dalili za mapema

Katika nyumba nyingi mama ndiye apelekaye watoto shule na madrasa, naye ndiye atakayeziona dalili hizi kabla ya fundi yeyote. Harufu ya ukungu unapofungua mlango asubuhi. Vioo kufunga mvuke kwa ndani hata mvua ilipokwisha. Sauti ya maji yakichezacheza unapokata kona. Taa ya onyo ya mfuko wa hewa kuwaka na kuzima. Milango kujifunga yenyewe. Betri kulala baada ya siku mbili za kuegesha.

Usiidharau harufu. Ukungu uliomo katika sifongo huvutwa na watoto kila asubuhi, na mwenye pumu huanza kukohoa bila ya wazazi kujua chanzo. Wala usizifiche dalili hizi kwa manukato. Udi na uturi ni sunna nzuri mahali pake. Kuvinyunyiza juu ya zulia lililooza ni kujidanganya.

Na hukumu ya tahara? Maji ya mvua yaliyopenya kwa juu ni tohara, na nguo iliyogusa zulia hilo ni safi kwa sala. Lakini maji ya mafuriko yaliyochanganyika na maji taka, yakabadilika rangi au harufu kwa najisi, ni najisi, na zulia lililoyanywa ni lazima lioshwe kwa maji safi hadi athari iondoke.

La kufanya

Kwanza, tafuta njia ya maji kabla ya kugusa waya wowote. Kazi hii huweza kufanywa na watu wawili wa nyumba moja siku ya Jumapili. Mmoja hukaa ndani na tochi, mwingine humwagia maji kwa mpira, taratibu, akianzia chini na kupanda juu, sehemu moja kwa dakika kadhaa kabla ya kuhamia nyingine. Ukianzia juu, maji yatalowesha kila mahali nawe hutajua yaliingilia wapi.

Pili, safisha mifereji. Toa majani chini ya wipa kwa mkono kila mwezi, na kabla ya masika hakikisha tundu zilizo chini ya milango zi wazi. Kazi hii haigharimu hata shilingi.

Tatu, nyanyua zulia. Kulianika gari juani milango ikiwa wazi hakutoshi, kwa kuwa sifongo haikauki ikiwa imefunikwa. Ni lazima viti vifunguliwe, zulia litolewe, sifongo ikamuliwe na kuanikwa peke yake. Tahadhari moja: nyaya za rangi ya manjano chini ya viti na katika usukani kwa kawaida ni za mifuko ya hewa, nazo zisipimwe wala kuguswa na asiye na ujuzi.

Nne, mtake fundi akupimie. Betri nzima iliyopumzika husoma karibu volti 12.6, injini ikinguruma husoma kati ya 13.5 na 14.7 hivi. Kama vipimo hivi ni sawa na bado betri hulala, mwambie apime umeme unaovuja gari likiwa limezimwa. Kabla ya kumlipa muulize swali moja: "Fundi, maji yaliingilia wapi?" Asiyeweza kujibu amefunga kidonda juu ya usaha.

Tano, na hili tunalisisitiza, usikubali fyuzi kubwa zaidi iwekwe mahali pa ndogo, wala kipande cha waya mahali pa fyuzi. Fyuzi ikikatika imefanya kazi yake ya kuzuia moto. Ukimnyamazisha mlinzi huyo, waya uliolowa utapata joto chini ya kiti walichokalia wanao.

Gari likizama, hukumu ni nyingine. Usilijaribu kuliwasha hata mara moja, kwani maji yaliyoingia ndani ya injini huweza kuivunja. Likiwa ni gari la haibridi, yaani la petroli na betri kubwa kwa pamoja, nyaya zake za rangi ya chungwa hubeba umeme wa zaidi ya volti 100, nao huua. Mwachie fundi wa magari hayo. Na barabara ikifunikwa na maji yaendayo kasi, rudi ulikotoka. Maji ya kina cha sentimita 30 huweza kulielea gari dogo, na ya sentimita 60 huyachukua magari mengi. Hakuna kikao wala arusi inayostahili roho za watoto.

Rundo la nafaka

Sasa tuje katika jambo lililo zito zaidi. Bibi mmoja mjane wa mtaa wetu, anayeuza vitambaa, alinunua gari dogo kwa akiba yake na fedha za chama. Lilikuwa limeoshwa, viti vinang'aa, na ndani linanukia. Mwezi wa pili likaanza kuzima njiani. Alibadilisha betri, kisha alternata, kisha akakopa. Fundi wa tatu ndiye aliyenyanyua zulia, akakuta tope kavu katika mikunjo ya bati na plagi za kijani. Gari lilikuwa limezama.

Muuzaji alikuwa jirani, mtu wa sala tano. Alipoitwa, hakukana kwamba alijua. Alisema, "Sikumwambia uongo, Shehe. Hakuniuliza."

Tulimkumbusha hadithi aliyoipokea Abu Huraira, Mwenyezi Mungu amridhie, iliyomo katika Sahihi ya Imamu Muslim. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni penye rundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, na vidole vikagusa umajimaji. Alipomuuliza mwenye nafaka, akajibiwa kwamba ilipatwa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka iliyolowa juu ili watu waione, kisha akatoa onyo kali kwamba mwenye kughushi si katika watu wake. Mwenye nafaka yule naye hakuwa ameulizwa na mnunuzi. Hakusema neno lolote la uongo. Aliacha tu kikavu kiwe juu na kilicholowa kiwe chini, na jambo lenyewe lilikuwa mvua. Hatujui mfano ulio karibu zaidi na gari lililozama, likaoshwa zulia.

Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wameeleza kwamba mnunuzi akigundua aibu iliyokuwapo kabla ya kununua, inayopunguza thamani ya kitu, ana hiari ya kukirudisha na kurudishiwa fedha zake. Lakini hiari hii inataka haraka. Mwenye kuijua aibu kisha akaendelea kukitumia kitu bila ya udhuru huhesabiwa ameridhika. Kwa hiyo, siku uliyonyanyua zulia ukaona tope, liegeshe gari siku hiyo hiyo, piga picha, mjulishe muuzaji mbele ya mashahidi. Naye muuzaji aliyeijua aibu akanyamaza haokolewi na kauli ya "nauza kama lilivyo". Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hapo: Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora wa kuridhisha na habari zinazohitajika kuhusu bidhaa hizo.

Bibi yule aliendelea kuliendesha gari wiki tatu baada ya kuijua aibu, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine ya kupeleka vitambaa vyake. Lau wangeshindana kwa hukumu, kesi yake ingekuwa ngumu. Wakaafikiana kwa sulhu: muuzaji akarudisha tofauti ya thamani kati ya gari zima na gari lililozama, kwa mafungu manne. Fungu la mwisho lilichelewa, lakini lilifika. Gari likauzwa tena, safari hii kwa fundi aliyelinunua kwa ajili ya spea, huku akijua kila kitu kilichomo.

Kwa anunuaye na kwa auzaye

Wewe unayenunua, nenda na fundi wa umeme, si wa injini peke yake. Nyanyua zulia kwenye pembe. Fungua shimo la gurudumu la akiba. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho, kwani tope la mafuriko hubaki katika sehemu ya mkanda isiyotoka mara kwa mara. Tazama skrubu za viti kama zina kutu, na ndani ya taa kama pana mstari wa maji. Washa kila swichi, moja baada ya nyingine. Ndugu zetu wa Mombasa wazidishe uangalifu, kwa sababu hewa ya chumvi humalizia upesi kile ambacho mvua ya Nairobi ilikianza.

Nawe unayeuza, iweke nafaka iliyolowa juu. Sema: liliingia maji mwaka fulani, plagi hizi zimebadilishwa, hii bado. Huenda bei ikashuka kwa elfu kadhaa. Mtume alifundisha kwamba wauzianao wakisema kweli na kubainisha, biashara yao hubarikiwa. Na wakificha, baraka yake hufutwa. Fedha zilizopungua kwa ukweli hazijapotea. Kuna mama atakayelala usingizi, na watoto watakaofika shuleni taa za breki zikiwaka nyuma yao.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu aijaalie mvua ya mwaka huu iwe ya manufaa, isiyo ya madhara, na atujaalie tuwe wa kweli katika kununua na kuuza kwetu. Amin.